Mwokoaji Naye Aangaliwe

Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa wazee, akina mama na vijana wa ulinzi wa Mwamanyili, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu wa kila mahali.



Nimepewa nafasi ya kusema machache, nami sitawachosha. Sikuja kuwafundisha ushujaa, maana mtu wa hapa hafundishwi ushujaa. Mwano ukipigwa usiku, hakuna anayeuliza ni nyumba ya nani. Kila mtu anashika alichonacho na kukimbia kuelekea kwenye sauti. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tunavyotaka watoto wetu walelewe. Lakini leo nina swali moja, nami naomba tulijibu pamoja kabla hatujaondoka hapa. Yule anayekimbia kwenda kuokoa wenzake, nani anamwangalia yeye?

Zamani mwano ulituita kwenye moto wa nyasi, kwa mnyama mkali, au kwa wezi wa ng'ombe. Hatari hizo zilionekana kwa macho. Simba ukimkosa umemkosa, unarudi nyumbani salama na jambo limekwisha. Siku hizi zimekuja hatari za namna nyingine. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inapita katika wilaya yetu, na juu yake yanapita malori ya petroli na dizeli. Sisi ni wakulima wa pamba, na pamba haiendi bila dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo inasafirishwa kwa magari, inawekwa katika maghala, na wengine wanaiweka uvunguni mwa kitanda. Katika maghala ya nafaka kuna vile vidonge vya kufukizia wadudu. Vitu vyote hivi vina kazi yake na faida yake. Lakini siku gari likipinduka au ghala likishika moto, vinageuka kuwa adui asiyeonekana, na adui huyo anaweza kumfuata mtu mpaka nyumbani kwake.

Wote mnakumbuka Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu. Watu wakakusanyika, wengi wakichota petroli, na tangi likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Miaka kumi kabla ya hapo, tarehe 31 Januari 2009, jirani zetu wa Kenya walikuwa wamepatwa na msiba kama huo huo pale Sachangwan, karibu na Molo, na huko nako walikufa watu zaidi ya 100. Misiba hii tumeilia, na somo lake la kwanza kila mtu analijua: usichote mafuta ya lori lililoanguka. Mimi sitalirudia hilo. Nataka kusema juu ya somo la pili, ambalo halisemwi sana, nalo linamhusu mtu aliyekwenda pale kwa nia njema.

Ndugu zangu, katika ajali ya vitu vya sumu kuna kufa kwa namna mbili. Kuna kufa kwa siku ile ile, kwa moto na kwa mlipuko. Tena kuna kufa kwa pole pole. Kijana anarudi nyumbani akiwa mzima, anasifiwa, anakula, analala. Usiku wa manane kifua kinambana. Au baada ya miaka damu yake inaharibika, na hakuna anayekumbuka tena kwamba siku fulani alisimama saa tatu katika mvuke wa petroli. Watu wanasema amerogwa. Wanatafutana uchawi, undugu unavunjika, na kumbe sababu ilikuwa pale barabarani.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilichanganya dawa ya pamba kwa mkono mtupu, nikanyunyiza tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Niliporudi nyumbani kichwa kiliniuma, mate yalinijaa mdomoni, na macho yaliona ukungu. Nikasema ni jua. Nikamchukua mtoto nikampakata na shati lile lile. Hakuna aliyeniambia kwamba zile zilikuwa dalili za sumu, na kwamba sumu ile ilikuwa katika shati nililomlazia mtoto. Mungu alitusaidia. Lakini kutegemea bahati si mpango, wala si maendeleo.

Basi tuseme nini? Mimi nasema hivi: mwokoaji aangaliwe mara tatu. Aangaliwe kabla ya kwenda, aangaliwe akiwa kazini, na aangaliwe baada ya kurudi. Tukiacha moja katika hizo tatu, mbili zilizobaki zinapungukiwa nguvu.

Nianze na kabla ya kwenda. Kijana anayetaka kuwa katika kikosi cha uokoaji apimwe angali mzima. Apimwe mapigo ya moyo, msukumo wa damu, uzito na pumzi, aulizwe kama ana pumu au kifafa, na majibu yaandikwe. Wengine watacheka waseme, mtu mzima anapimwa nini? Nitawapa mfano wa Marekani. Tarehe 11 Septemba 2001 yale majumba mawili marefu ya New York yalipoanguka, wazimamoto wa mji ule waliingia katika vumbi lile kwa maelfu. Baadaye wengi walianza kukohoa. Sasa, mtu akikohoa nani atajua kama ni vumbi lile au ni sigara zake? Lakini idara yao ya zimamoto ilikuwa na desturi ya kuwapima pumzi wazimamoto wake kabla ya msiba. Walipopimwa tena ikaonekana wazi kwamba katika mwaka mmoja walikuwa wamepoteza, kwa wastani, nguvu ya mapafu ambayo mtu huipoteza kwa kuzeeka miaka 12. Hapo maneno yakawa na ushahidi. Daftari la zamani ndilo lililowasemea, na matibabu yao yakapata msingi.

Na katika dawa zetu za pamba ni vivyo hivyo. Baadhi yake ni za jamii inayoitwa oganofosfeti, ambazo hupunguza nguvu ya kimeng'enya kimoja katika damu kinachoitwa kolinesterasi, nacho ndicho kinachotuliza mishipa ya fahamu baada ya kufanya kazi yake. Kipimo chake kipo. Lakini kiasi cha kawaida cha mtu mmoja hakilingani na cha mwingine. Kama hukupimwa ulipokuwa mzima, daktari atapata taabu kujua umepungukiwa kiasi gani. Ndiyo maana nasema mtu apimwe kwanza, tena katika majira ambayo hanyunyizi dawa.

Sasa nije wakati wa kazi yenyewe. Hapa nataka vijana wanisikilize sana. Sisi hatuna mavazi ya kuzuia sumu wala mitungi ya hewa. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza si kuingia. Kazi yetu ni kuzuia watu, kuhesabu watu, na kuita wenye vifaa. Piga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Simama upande upepo unakotoka, na usisimame bondeni wala mtaroni, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unakwenda kukaa chini. Petroli ikimwagika, watu wakae mbali si chini ya mita 50 kila upande, na ikiwa ni nyingi, mbali zaidi ya hapo. Tangi likiwa linawaka, umbali ni mita 800, yaani karibu kilomita nzima. Tena tazama kibao cha rangi ya machungwa kilicho kwenye lori. Ukiona namba 1203, hiyo ni petroli. 1202 ni dizeli. Usome namba hiyo ukiwa mbali, umwambie mtu wa zimamoto kwenye simu, naye atajua alete nini.

Na juu ya vidonge vya kufukizia ghala, vile vya alumini fosfidi: vikikutana na maji vinatoa hewa ya sumu. Kijana mwenye moyo mwema anaweza kumwaga ndoo ya maji juu ya ghala linalofuka moshi, kumbe anaamsha sumu. Tena hewa hiyo ina hila. Mtu anaweza kuivuta, akajisikia nafuu, na baada ya saa nyingi, pengine siku moja au mbili, mapafu yake yakajaa maji. Kwa hiyo ulizeni kwanza ghala lina nini, ndipo mwinue ndoo.

Mzee mmoja aliniuliza jana, je, tumwache dereva afe huku tunamtazama? Swali lake ni la haki, nami sikulijibu kwa wepesi. Nilimwambia hivi: Baba, kama kuna mvuke usioujua, anayeingia bila kinga hamwongezei dereva uzima, anaongeza maiti wa pili, na ndugu yake akiingia kumtafuta anakuwa wa tatu. Kuzuia watu watatu wasiingie nako ni kuokoa watu watatu. Ni vigumu kusimama hivyo. Pengine ni vigumu kuliko kukimbilia ndani.

Wenye vifaa wakifika, wao nao wana hatari yao, na sisi yafaa tuijue ili tuwasaidie. Mtu aliyevaa vazi la mpira katika jua la kwetu anatoka jasho lisilokauka, na mwili hauna njia ya kupoa. Anaweza kuanguka kwa joto kabla sumu haijamgusa. Mwaka 1985 idara nne za Marekani ziliandika mwongozo juu ya kazi hii, nao una vipimo ambavyo hata mtu wa zahanati ndogo anaweza kuvitumia. Mtu akitoka kupumzika, apimwe mapigo ya moyo mara moja. Yakizidi 110 kwa dakika, zamu yake inayofuata ipunguzwe kwa theluthi moja. Joto la mdomoni likizidi nyuzi 37.6, zamu ipunguzwe vivyo hivyo. Tena apimwe uzito asubuhi na jioni. Asipoteze maji ya mwili kuzidi kilo moja na nusu katika kila kilo mia za uzito wake. Mtu wa kilo 60, basi, asipungue zaidi ya gramu 900. Kwa kazi hii chatakiwa nini? Saa ya mkononi, kipima joto, mizani, maji ya kunywa na kalamu. Hivi tunaweza kuvipata.

Pale mlangoni, nasema mlangoni kwa maana ya mahali pa kuingilia katika eneo la hatari, lazima asimame mtu mmoja mwenye daftari. Anaandika nani ameingia, saa ngapi, na nani ametoka. Waingie wawili wawili, asiingie mtu peke yake. Na mtu huyo wa daftari awe na amri ya kusema, fulani, toka sasa, na fulani atoke, hata kama fulani ni mtoto wa mkubwa au ni mkubwa mwenyewe. Ubishi uje kesho.

Sasa nimefika kwenye kurudi nyumbani, na hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Mnamo tarehe 20 Machi 1995, katika mji wa Tokyo nchini Japani, watu wabaya walimwaga sumu iitwayo sarini ndani ya treni za chini ya ardhi. Sumu ile ni ya ukoo mmoja na zile dawa za oganofosfeti tunazozijua. Wagonjwa wakapelekwa hospitali na nguo zao mwilini. Mvuke uliotoka katika nguo zile ukawapata madaktari na wauguzi, nao wakaanza kuumwa macho na vichwa. Hawakuwa wamekanyaga kituo cha treni hata mmoja. Walipata sumu kwa kuwasaidia watu ambao hawakuwa wamevuliwa nguo wala kuoshwa.

Basi mama zangu, neno hili ni lenu pia. Kijana akitoka katika ajali ya sumu, asiingie ndani, asipakate mtoto, asile. Avuliwe nguo nje, nguo zitiwe katika mfuko wa plastiki ufungwe, naye aoge kwa maji mengi na sabuni, kichwa, kucha na mapajani. Nguo zile zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto, wala zisifuliwe ziwani. Ziwa Victoria ndilo maji yetu na ndilo samaki zetu. Na maji ya kuogea yasielekezwe kisimani.

Tena asiachwe alale peke yake. Kwa siku tatu awepo mtu wa kumtazama asubuhi, mchana na usiku. Mboni za macho zikiwa ndogo kama kichwa cha pini, mate na jasho likitoka ovyo, misuli ikitikisika, akitapika, akikohoa au kifua kikimbana, apelekwe kituo cha afya upesi, na jina la sumu lipelekwe pamoja naye. Karatasi ya kopo la dawa inaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo ya watu kumi. Baada ya hapo apimwe tena, yalinganishwe majibu na yale ya kwanza, na yaandikwe.

Wako watakaosema, ndugu, haya ni mambo ya Ulaya, sisi hatuwezi kumfuata mtu siku hadi siku. Hatuwezi? Ng'ambo ya ziwa hili, katika wilaya ya Bukoba, mwaka 2023 tuliweza. Mwezi wa Machi mwaka huo ulitangazwa ugonjwa wa Marburg, na miongoni mwa waliokufa mwanzo alikuwamo mhudumu wa afya, yaani mwokoaji. Watu waliowagusa wagonjwa, zaidi ya 200, waliandikwa majina na kufuatwa kwa siku 21, wakipimwa joto na kuulizwa hali. Mwanzoni mwa Juni ugonjwa ukatangazwa kuwa umekwisha. Kazi ile ilifanywa na Waafrika, katika vijiji kama hiki, kwa miguu, kwa pikipiki na kwa daftari. Kama tuliweza kuwafuata watu 200 kwa siku 21, tutashindwaje kumfuata kijana mmoja kwa siku tatu?

Neno langu la mwisho ni juu ya haki. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na sheria hiyo inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na apimwe tena mara kwa mara. Iko pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake upo. Sheria hizi ni nzuri, nasi tuwaambie vijana wetu walioajiriwa katika viwanda vya kuchambua pamba na katika maghala wazidai haki zao bila woga. Lakini sheria hizo zinamtazama mwajiriwa. Kijana aliyeitwa na mwano hana mwajiri. Hana cheti wala mshahara. Mwajiri wake ni sisi. Sisi ndio tuliopiga kelele, naye akaja. Akiugua baada ya miaka mitano na jina lake halikuandikwa popote, tutakuwa tumemtumia kama jembe na kumtupa kama mpini uliovunjika.

Kwa hiyo naleta mashauri matano, Ndugu Mwenyekiti, nayo naomba yapigiwe kura leo hii.

Kwanza, kiandikwe kikosi cha vijana wa uokoaji, wanaume na wanawake, na kila mmoja apimwe afya kabla ya msimu wa kunyunyiza pamba. Pili, liwepo daftari moja, linunuliwe kwa fedha yetu wenyewe, likae kwa Mtendaji, na nakala iwe zahanati. Majibu ya mtu ya afya yabaki siri yake na tabibu. Tatu, achaguliwe mtu wa saa na daftari, na msaidizi wake, wenye amri ya kumtoa mtu hatarini. Nne, vitengwe pipa la maji, sabuni, mifuko na nguo kuukuu safi za kubadilisha. Tano, kila mwenye ghala aandike mlangoni dawa iliyomo ndani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Gharama yake hailingani na ya mazishi ya mtu mmoja. Nasi tumezoea kuchanga kwa ajili ya mazishi. Safari hii tuchange kabla.

Kijana akirudi kutoka kwenye mwano, tusimpe sifa tu. Tumpe maji aoge, tumpime mapigo, tuandike jina lake, na kesho asubuhi twende tukamgongee mlango tumwulize ameamkaje.